Gramu 167 badala ya mifuko miwili

Soda ya kawaida, au juisi ya chupa ya dukani, hubeba sukari gramu 100 hivi kwa lita. Tangi letu dogo la kuchanganyia ni la lita 1,000. Hesabu hiyo haihitaji kalamu: kilo 100, yaani mifuko miwili ya kilo 50. Vijana wawili wanaitoa stoo mgongoni, wanapanda nayo ngazi, wanaimimina juu ya tangi huku vumbi lake likiwaganda kwenye nyusi. Sukralosi, kiongeza utamu kinachotiwa badala ya sukari, ni tamu kuliko sukari mara 600 hivi. Gawanya. Unapata gramu 167. Naipima mwenyewe kwenye mizani ndogo yenye desimali, ndani ya bakuli la chuma, halafu naipandisha ngazini kwa mkono mmoja.

(Gramu 167 ni za darasani. Zile mara 600 zimepimwa kwenye maji yenye utamu hafifu. Kadiri unavyotaka kinywaji kitamu zaidi, ndivyo nguvu ya sukralosi inavyopungua, kwa hiyo ukitaka utamu wa soda kamili utajikuta umevuka gramu 200. Bado ni bakuli moja.)

Ndiyo maana huwa natabasamu mtu akiniambia kwamba viongeza utamu viliwekwa kwa ajili ya wanaotaka kupungua. Wapo wanaotaka kupungua, siwakatai. Lakini mwenye kiwanda anayeangalia bei ya sukari ya viwandani, ile nyeupe pe inayoagizwa nje kwa sababu ya kahawia ya kwetu inatia rangi kwenye kinywaji kisichotakiwa rangi, haangalii kiuno cha mteja.

Nilisoma sayansi ya chakula SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na tangu nitoke huko nimekaa chumba cha kuchanganyia cha kiwanda kimoja cha vinywaji hapa Dar ambacho sitakitaja, maana mshahara bado nauhitaji. Misibani, harusini, kwenye vikao vya ukoo, swali ni lile lile: "Hivi zile soda za zero si sumu?" Nikijibu "inategemea" watu wanaona nimelipwa. Basi naandika hapa yote, niwe natuma kiungo cha ukurasa huu.

Kwanza, vitu hivi vimegunduliwaje. Kwetu kiwandani ukionekana unalamba kidole unaandikiwa barua. Na kama sheria hiyo ingefuatwa duniani, nusu ya bidhaa ninazopima zisingekuwepo. Mwaka 1879, Constantin Fahlberg alikuwa mkemia katika maabara ya Ira Remsen, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, wakichunguza kemikali zitokanazo na lami ya makaa ya mawe. Jioni akaketi kula, akaona mkate mtamu kupita kiasi. Utamu ulikuwa mikononi mwake. Alichofanya baadaye kinanitia baridi mpaka leo: alirudi maabara akaonja chombo kimoja baada ya kingine mpaka akakipata alichokuwa anakitafuta. Hiyo ndiyo sakarini. Walitangaza ugunduzi wakiwa wawili, kisha Fahlberg akachukua hataza peke yake na kwenda kufungua kiwanda Ujerumani, karibu na Magdeburg. Remsen hakumsamehe.

Mwaka 1937, Michael Sveda wa Chuo Kikuu cha Illinois aliweka sigara yake kwenye meza ya maabara, akairudisha mdomoni, akapata siklamati. Mwaka 1965, James Schlatter wa kampuni ya Searle, aliyekuwa kwenye utafiti wa dawa ya vidonda vya tumbo, alilamba kidole ili aokote karatasi: aspatemu. Karl Clauss wa kampuni ya Hoechst, Ujerumani, 1967, naye kidole: asesulfamu K. Mwaka 1976 jijini London, Shashikant Phadnis aliambiwa aipime kemikali fulani iliyotengenezwa kutokana na sukari yenyewe kwa kuiwekea klorini, yeye akasikia ameambiwa aionje. Akaionja. Sukralosi. Utafiti ule ulikuwa wa pamoja na Tate & Lyle, ambayo ni kampuni ya sukari. Wauza sukari wenyewe ndio waliotuletea mbadala wa sukari, na sioni ajabu hapo: wao ndio wanaojua vizuri zaidi sukari inapouma mfukoni.

Maana historia nzima ya vitu hivi ni ya bei. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 1902 iliyoifungia sakarini kwenye maduka ya dawa, na magendo ya kutoka Uswisi yakashamiri, watu wakivusha vipakiti mpakani kwa kila ujanja. Aliyekuwa akilindwa ni mwenye mashamba ya viazisukari. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja na sukari ikaadimika, sakarini iliyokuwa inakimbizwa ikakaribishwa mezani.

Sisi tumeyaona kwa macho yetu. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño ziliharibu uvunaji wa miwa na viwanda vikashindwa kuzalisha, kilo ya sukari ikafika Sh 4,000, kwingine zaidi, na serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi. Miezi ile simu yangu ilikuwa inaita mpaka usiku. Waliopiga hawakuwa wenye viwanda. Walikuwa akina mama wa barafu, wauza juisi ya miwa, vijana wa ubuyu. Swali lao lilikuwa moja: ile dawa ya kutia utamu inapatikana wapi na unatia ngapi?

Nitarudi kwao. Kabla ya hapo nieleze kwa nini kazi yangu haiishii kwenye lile bakuli la chuma.

Sukari ni kibarua mwenye kazi sita anayelipwa mshahara mmoja. Ukimfukuza na kumweka sukralosi, umepata mtu wa kazi moja tu, ya utamu. Zile tano zinabaki zimelala pale, na zote ni za kwangu.

Kazi ya kwanza ni uzito mdomoni. Gramu 100 kwenye lita si kidogo, zinakifanya kinywaji kijae ulimini. Zikitoka, kinywaji kinakuwa chepesi, mtu anasema "kimechanganywa na maji", na kusema kweli ni maji. Chukua kopo la soda ya kawaida na kopo la zero la ukubwa ule ule, uyatie kwenye ndoo ya maji: la kawaida linazama, la zero linaelea. Wajaribishe watoto nyumbani, wataipenda. Ili kurudisha ule ujazo tunatia vizito, kama CMC (E466) au gundi ya zanthani (E415), kwa gramu chache sana, maana ukizidisha kinywaji kinaanza kuteleza kooni na mteja anakirudisha dukani akisema kimeoza.

Kazi ya pili ni ulinzi. Jemu inakaa kabatini miezi kwa sababu karibu asilimia 65 yake ni vitu vilivyoyeyuka, sehemu kubwa sukari, na vijidudu havipati maji ya kunywa humo. Ukitoa sukari, jemu inaota ukungu kama mkate. Kwa hiyo jemu "isiyo na sukari" ama inakaa kwenye friji baada ya kufunguliwa, ama ina kihifadhi kama potasiamu sobeti, ama vyote viwili. Vinywaji vya juisi nzito ya kuzimulia ni hivyo hivyo. Watu wanaoniambia wanachukia kemikali ya utamu huwa hawajui kwamba imekuja na wageni wenzake.

Kisha ukali. Sukari inaficha ndimu. Tulipopunguza sukari kwenye kinywaji cha ukwaju, asidi ile ile tuliyoizoea ikageuka ya kukunja uso. Unataka kuipunguza, lakini sodiamu benzoeti, kihifadhi chetu, inafanya kazi vizuri kwenye ukali tu. Ukishusha asidi umemfunga mikono mlinzi. Hapa ndipo siku zangu nyingi zinapoishia, nikinyunyiza na kuonja, nikinyunyiza na kuonja, mpaka ulimi unakataa.

Kwenye mikate, keki na biskuti sukari ndiyo inayoleta rangi ya kahawia ikikutana na protini kwenye moto, ndiyo inayolisha hamira, ndiyo inayoshika unyevu ili keki isiwe kavu kesho yake. Aspatemu haiwezi hata moja ya hizo, na juu ya hayo inavunjika kwenye joto la oveni na utamu unapotea. Ndiyo maana waokaji wanapendelea sukralosi au asesulfamu K, ambazo zinastahimili moto, pamoja na unga wa kujazia kama polidekstrosi au maltitoli wa kuchukua nafasi ya ule ujazo ulioondoka. Askrimu nayo: sukari inazuia maji yasigande kama jiwe. Barafu ya mfuko iliyotiwa sakarini peke yake utaigonga ukutani kabla ya kuila. Na ubuyu usijaribu kabisa. Ule wekundu mtamu unaonata kwenye mbegu ni shira, na shira ni sukari yenyewe. Utamu bila mwili hauna cha kunata nacho.

Kazi ya mwisho hakuna kitabu kilichonifundisha, nimeijulia kazini. Sukari inakuruhusu kujua kama umeitia. Tuna kifaa kinachoitwa refraktometa, unaweka tone moja, unasoma Briksi, yaani vitu vilivyoyeyuka kwa asilimia. Bechi ya sukari ikisoma 10 unajua iko sawa, ikisoma 8 mtu ameuza mfuko. Bechi ya sukralosi inasoma ile ile iwe umetia gramu 200, umetia mara mbili, au umesahau kabisa. Gramu 200 ndani ya tani nzima ya maji hazionekani. Mashine ya kromatografia ingeniambia, lakini mashine hiyo ni bei ya lori, viwanda vya ukubwa wetu hatuna. Tuna karatasi yenye saini mbili, ya aliyepima na ya aliyeshuhudia ikimwagwa, na tuna ulimi. Tena haimwagwi kavu. Inayeyushwa kwanza kwenye ndoo, kisha inaingia tangini huku kikorogeo kinazunguka, la sivyo chupa za mwanzo zinakuwa tamu za kuwasha na za mwisho ni maji ya rangi.

Halafu utamu wenyewe haufanani. Hili wengi wanalihisi bila kulijua jina. Asesulfamu K inawahi, inaondoka haraka na kuacha uchungu kidogo. Aspatemu inachelewa kidogo, inafanana na sukari kuliko nyingine. Sukralosi inang'ang'ania, umeshameza, bado iko. Sakarini ina ladha ya bati mwishoni. Kwa hiyo hakuna anayetumia moja kama anaweza kutumia mbili. Mchanganyiko wa zamani kuliko yote ni sehemu 10 za siklamati kwa 1 ya sakarini: siklamati inafunika bati, sakarini inaleta nguvu, kwa kuwa siklamati yenyewe ni mara 30 hadi 50 tu ya sukari. Leo soda nyingi za zero zina aspatemu na asesulfamu K pamoja, na zikikutana zinakuwa tamu kuliko jumla ya kila moja peke yake. Hapo mhasibu anafurahi tena.

Aspatemu ina adui mwingine, jua letu. Hata bila oveni inavunjika polepole kwenye kinywaji chenye asidi, na joto linaiharakisha. Soda iliyokaa wiki kadhaa juu ya lori kisha kwenye banda la mabati inakuwa imepungua utamu kabla ya tarehe yake kuisha. Haijawa sumu, imepoa tu. Ukiwahi kununua zero sehemu yenye joto kali ukaiona "haina kitu", huenda hukukosea.

Sasa shangazi yangu wa Tanga. Ana kisukari kwa miaka mingi, na anaheshimu mashine yake ya kupimia kuliko daktari. Likizo iliyopita nimefika, shikamoo, marahaba mwanangu, hata mkoba sijautua ananiletea pakiti ya biskuti.

"Hii imeandikwa haina sukari?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona mashine inapanda? Na mbona tumbo linaniendesha?"

Nikaisoma nyuma. Unga wa ngano ulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Unga ni wanga, na wanga mwilini unageuka sukari hata ukiuandikia nini kwenye pakiti. Cha pili, maltitoli. Hiki ni kileo-sukari, ndugu wa sobitoli na zailitoli. Si kilevi, ni jina la familia yake ya kikemia. Maltitoli inapandisha sukari ya damu, polepole kuliko sukari ya mezani, lakini inapandisha. Na kwa kuwa sehemu yake hainyonywi vizuri, inashuka utumbo mpana na kufanya fujo huko. Ulaya, chakula chenye zaidi ya asilimia 10 ya vitu vya familia hii lazima kiandikwe kwamba kikizidi kinaharisha. Pakiti ya shangazi ilikuwa na onyo hilo, kwa herufi za ukubwa wa chawa, kwa Kijerumani na Kifaransa.

Alikuwa amekula pakiti nzima, maana imeandikwa haina sukari. Vile vidonge vyake vya kwenye chai havina tatizo kwa kisukari. Tatizo ni ruhusa ambayo neno "haina" linampa mtu. (Zailitoli, kwa taarifa, ni nzuri kwa meno na ndiyo maana iko kwenye bazoka nyingi, ila inaua mbwa. Mwenye mbwa aifiche.)

Je, ni sumu? Haya. Kila moja ya hizi ina kiwango ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote, kwa kila kilo ya uzito wake. Wataalamu wanatafuta kiasi ambacho hakikuleta madhara kwa wanyama, kisha kwa kawaida wanakigawanya kwa 100. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO imeweka aspatemu miligramu 40, sukralosi 15, asesulfamu K 15, siklamati 11, sakarini 5. Julai 2023 kulikuwa na taharuki: kitengo cha saratani cha WHO kiliiweka aspatemu kwenye kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, ambamo kuna dondoo la jani zima la aloe vera pia. Siku ile ile kamati ya viwango ikasema 40 ibaki 40. Kopo lenye miligramu 200 hadi 300 za aspatemu, mtu wa kilo 70 atahitaji kunywa kati ya makopo 9 na 14 kwa siku ndipo avuke. Kama unakunywa makopo 14 ya chochote kwa siku, tuanze na mazungumzo mengine.

Sakarini nayo ilishitakiwa. Panya wa kiume waliolishwa kwa wingi walipata uvimbe wa kibofu, Marekani ikataka kuipiga marufuku mwaka 1977, ikaishia kuiwekea onyo kwenye kila pakiti. Baadaye ikaonekana kwamba kile kinachotokea kwenye kibofu cha panya kinatokana na mkojo wa panya ulivyo, si wetu, na onyo likaondolewa mwaka 2000. Siklamati, iliyofungiwa Marekani mwaka 1969, imebaki imefungiwa huko huku Ulaya ikiiruhusu. Pande mbili, ushahidi ule ule, maamuzi mawili. Mimi naikubali siklamati kwa kipimo, ila kwa watoto naikodolea macho, na nina sababu.

Kundi moja halina mjadala: waliozaliwa na fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kuivunja fenilalanini, iliyomo ndani ya aspatemu. Aspatemu wasiiguse, na lazima ionywe kwenye lebo. Na Mei 2023 WHO ilisema, kwa wasio na kisukari, usitegemee vitu hivi kupunguza uzito, maana kwa muda mrefu havijaonyesha faida hiyo. Mimi nakubaliana nao bila shida. Kiwandani hatujawahi kumpunguza mtu.

Nirudi kwa mama wa barafu. Jirani yangu hapa Temeke, nimwite Mama Salma, alikuja na kipakiti cha nailoni kilichofungwa fundo, amekinunua Kariakoo. Unga mweupe. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna tarehe.

"Dada, wewe si mtaalamu? Hii natia kijiko kimoja kwenye ndoo ya lita 20. Inatosha?"

Tuseme ni sakarini, na kijiko chake kinabeba gramu 4. Kwenye lita 20 hiyo ni miligramu 200 kwa lita. Mtoto wa kilo 20, wa darasa la kwanza, kiwango chake cha siku ni miligramu 100. Nusu lita imemfikisha. Mchana wa Februari hapa Dar mtoto anamaliza nusu lita ya barafu na anataka nyingine, na bado nyumbani kuna juisi ya unga ya kukoroga yenye vitu hivyo hivyo. Sisemi ataugua kesho; kile kiwango kina nafasi pana juu yake, na kinahesabiwa kwa maisha yote. Nasema kwamba Mama Salma amefika mpakani kwa kijiko kimoja cha kawaida, bila kilima, na kesho yake kijiko anashika binti yake. Ulaya waliliona hilo kwa siklamati, wakakishusha kikomo chake kwenye vinywaji kutoka miligramu 400 kwa lita hadi 250, wakihofia hasa watoto wadogo, kwa sababu mtoto anakunywa sana kwa uzito alionao.

Na hapo tumesema "tuseme ni sakarini". Ikiwa ni siklamati, kijiko hicho hakitatosha utamu na ataongeza. Ikiwa ni neotemu, ambayo ni mara 7,000 au zaidi ya sukari, ndoo hainyweki. Mimi na shahada yangu sikuweza kumwambia ni nini. Kuonja sikuonja, nimeshawasimulia ya akina Fahlberg.

Tulichokubaliana ni hiki: sukari nusu ya aliyokuwa anatia zamani, embe zaidi kidogo kwa kuwa msimu ulikuwa unaruhusu, na mfuko uwe mdogo ili bei isipande. Alinung'unika kwamba hela ya embe ni ile ile ya sukari. Ni kweli. Lakini barafu yake haikuwa jiwe, na watoto walirudi.

Kuhusu stevia nitasema haraka, maana najua kuna watu wamesoma mpaka hapa wakiingoja. Ni mmea wa Paragwai, Waguarani waliutumia zamani kabla yetu sote, na umeshalimwa hata Kenya, upande wa Kericho. Ukitafuna jani ni tamu na lina harufu ya majani. Lakini kinachofika kiwandani kwetu si jani. Jani limelowekwa maji ya moto, likachujwa, likapitishwa kwenye resini, likasafishwa kwa alkoholi, likakaushwa kuwa unga mweupe unaofanana na kila unga mweupe mwingine stoo, wenye namba yake, E960. Ni kitu kizuri, kina uchungu mwishoni unaohitaji kufichwa, na ni ghali. Anayekwambia ni "asilia" kwa hiyo haina kiwanda ndani yake, hajawahi kuiona ikishushwa kwenye gari.

Mwisho, lebo. Uingereza walipotangaza kodi ya sukari kwenye vinywaji iliyoanza Aprili 2018, viwanda havikusubiri. Irn-Bru, soda ya Uskoti, ilishuka kutoka sukari gramu 10.3 hadi 4.7 kwa mililita 100 mwezi Januari mwaka huo, ikajazwa viongeza utamu pale palipobaki, na wapenzi wake wakanunua chupa za zamani za kuficha uvunguni. Jina halikubadilika. Rangi haikubadilika. Haikuitwa zero. Kinywaji cha kawaida chenye sukari nusu na sukralosi nusu ndicho mnachokunywa zaidi ya mnavyojua, na kukijua kuna njia moja tu, kugeuza chupa. Tafuta namba za viongeza utamu: 950, 951, 952, 954, 955, 960. Wakati mwingine mbele yake kuna E, wakati mwingine INS, ni kitu kile kile. Viungo vinapangwa kwa uzito kuanzia kikubwa, kwa hiyo hizi utazikuta mwishoni kabisa, pale macho yanapochoka.

Ukwaju wetu mpya una sukari gramu 50 kwa lita na sukralosi kidogo. Mimi naupenda, asidi nimeipatia. Nimependekeza mbele ya chupa tuandike "Ina sukari na kiongeza utamu", kwa herufi za kusomeka. Meneja wa mauzo anataka hayo yakae nyuma tu, na mbele iandikwe "Sukari pungufu kwa nusu". Nikamwambia yote mawili ni kweli, basi yote mawili yakae mbele. Akasema picha ya ukwaju itabanwa. Nikasema ibanwe. Mchapaji anasubiri, meneja hajasaini, na mimi karatasi ya bechi sijaiweka saini yangu.